Picha ya Nane

Ganze,
Jumatatu, 10 Februari 2025

Kwa Moraa,
Duka la kupiga chapa, Kilifi.

Mwanangu,

Hujambo? Mimi ni Mwalimu Kazungu Randu, yule wa karatasi za mitihani, uliyemfokea mwaka jana kwa kukuletea maswali ya hesabu yaliyoandikwa nyuma ya pakiti ya majani ya chai. Sina jipya la kukufurahisha. Nimechoka, na kazi niliyokutumia imechoka kunizidi.

Ndani ya bahasha utakuta flashi na waraka wa kurasa ishirini na sita uliorudishwa na kamati ya kurejesha vigango. Wewe umezaliwa Kisii, kwa hiyo nikueleze. Huku kwetu, mzee aliyekuwa na cheo chake katika chama cha Gohu akifa, huchongewa mti wenye nakshi, ukasimikwa mudzini, katika boma la ukoo wake, naye akaendelea kukaa na watu wake. Hicho ndicho kigango. Usikiite sanamu mbele ya watu wazima, na kikishasimikwa hakihamishwi. Cha baba yetu, Mzee Randu Kavumbi, kiling'olewa mwaka wa 1984 kikauzwa kwa mtu wa pikapu. Aliyekiuza ni kaka yangu mkubwa, Kiponda. Nimeyaandika ukurasa wa kumi na mbili, na hapa kila mtu anayajua.

Sasa kuna sanduku limerudi kutoka ng'ambo lenye vigango kumi na vitatu visivyo na majina. Kila familia inatakiwa ilete waraka wenye picha, kuthibitisha kilicho chao. Mwisho ni Ijumaa, tarehe 14 Machi. Baada ya hapo, visivyo na wenyewe vitatiwa ghalani. Miaka miwili na nusu imenibakia kustaafu, na sitaki kustaafu huku baba yangu yumo ghalani.

Waraka umerudishwa kwa makosa mawili waliyoyapigia mstari mwekundu. La kwanza, orodha ya picha haipatani na kurasa. Orodha hiyo niliiandika kwa mkono wangu, mstari kwa mstari, na vile vidoti vyote nikavibonyeza kimoja kimoja mpaka ukingoni. Nikiongeza picha moja, zilizo chini yake zinahama, na mimi naanza upya. Nimeanza upya mara sita. Mwalimu mwenzangu kijana ananiambia kompyuta inaweza kujitengenezea orodha yenyewe. Kama ni kweli, nionee huruma, itengeneze.

La pili utalisoma mwenyewe.

Niandikie, usinipigie. Mtandao hapa unapatikana juu ya kilima nyuma ya shule, na magoti yangu hayataki tena kilima. Jedida anashuka Kilifi kuuza kuku kila Jumatatu na Alhamisi. Yeye ndiye posta yetu.

Wako,
Mwalimu Kazungu Randu


Kilifi,
Alhamisi, 13 Februari 2025

Shikamoo Mwalimu,

Nimecheka mpaka mteja akaniuliza kuna nini. Nimevihesabu vidoti vyako! Mstari wa tatu una sitini na moja, wa nne una hamsini na nane, halafu kuna nafasi tupu ulizobonyeza kuisukuma namba ikae sawa. Mwalimu, hiyo si orodha, hiyo ni adhabu. Pole sana.

Ni kweli kompyuta inaitengeneza yenyewe, lakini haiwezi kutumia ulichoandika, kwa sababu chini ya picha zako umeandika maneno ya kawaida tu. Kwake hayo ni maneno kama mengine. Fanya hivi. Ibonyeze picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha uchague pale pa kuweka maelezo. Mara ya kwanza itataka kuandika neno lake la Kiingereza. Ikatalie, iandikie "Picha", itakumbuka. Namba itaiweka yenyewe. Namba usiiguse, nakuomba kwa jina la Mungu. Wewe andika maneno yako tu mbele yake.

Ningekufanyia, lakini mimi sijui yupi ni babu na upi ni ua wa mbuzi. Ukizimaliza, nirudishie flashi, mimi nitaiamuru ikusanye. Elewa jambo moja: mashine hii haioni picha. Inachofanya ni kutafuta kila maelezo uliyoyaweka kwa njia hiyo, popote yalipo, na kuyapanga mbele pamoja na namba za kurasa. Ukibadilisha kitu baadaye, unachagua yote, unabonyeza F9, inajisahihisha. Kidole kimoja tu.

Kosa la pili nimelisoma. Wanasema hakuna picha hata moja ya kigango chenyewe inayoonyesha nakshi. Hapo orodha yangu haikusaidii. Una picha ya shimo, ya ua, ya shoka la mchongaji, ya vigango vya ami zako. Cha baba yako hakipo. Hata mimi nisiyejua kitu ningekuuliza, sasa wao watakitambua kwa nini? Itafute, Mwalimu. Waulize shangazi, fungueni masanduku.

Mimi nipo nipo tu. Umeme unakatika kila saa nane mchana, na miguu inavimba kwa kusimama. Msalimie Jedida, kuku wake wa wiki jana alikuwa mgumu kama sapatu.

Moraa


Ganze,
Jumatatu, 24 Februari 2025

Mwanangu Moraa,

Marahaba. Kazi imenichukua siku nane. Darasani ninaingia na watoto kumi na wawili kati ya arobaini. Wengine wamekwenda na mitungi kutafuta maji, na siwalaumu. Basi nikishawapa hao kumi na wawili kazi ya kuandika, nakaa na kompyuta ya shule mpaka betri ya sola inapolia.

Nimefuata maneno yako. Namba sikuigusa. Picha ni kumi na moja, na zote nimeziwekea maelezo kwa njia uliyonifundisha.

Kuhusu picha ya kigango chenyewe, haipo. Nani alikuwa na kamera huku Ganze miaka hiyo? Waambie hivyo wakiuliza. Nimeeleza nakshi kwa maneno ukurasa wa kumi na tano: pembetatu safu nne kifuani, duara mbili, na ufa mdogo shingoni upande wa kushoto. Mtu mwenye akili atakitambua.

Ombi moja. Ukurasa wa kumi na saba usiuguse. Ile picha ya ua imenitesa siku nzima ndipo ikakubali kukaa, na ukiisogeza hata kidogo kila kitu kitamwagika. Iache palepale.

Wako,
Mwalimu Kazungu


Kilifi,
Alhamisi, 27 Februari 2025

Shikamoo Mwalimu,

Umefaulu! Nimebonyeza mara moja tu na orodha ikashuka nzima, vidoti vyake sawasawa, kurasa zake sawasawa. Nilitamani uwepo uione.

Lakini uliniambia picha kumi na moja, nayo imeleta mistari kumi na miwili. Nikadhani nimekosea, nikairudia. Kumi na miwili tena. Tazama mwenyewe:

Picha ya 7: Shimo kilipokuwa kigango ............ 16
Picha ya 8: Kigango cha Mzee Randu Kavumbi siku kilipong'olewa, Agosti 1984 ............ 17
Picha ya 9: Ua wa mudzi, upande wa mashariki ............ 17

Ya nane nimeitafuta sikuiona. Ndipo nikaufungua huo ukurasa wa kumi na saba ulionikataza. Nisamehe, Mwalimu, nimeusogeza ua, na hakuna kilichomwagika. Chini yake palikuwa na picha nyingine, na maelezo yake kamili.

Mwalimu! Unacho! Kigango kinaonekana chote, pembetatu safu nne, duara mbili, hata ule ufa wa shingoni. Picha imechujuka rangi, lakini kila alama inasomeka. Sasa kwa nini umekifunika? Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Kisha nikamtazama huyo kijana aliyekikumbatia kando ya pikapu, shati wazi, anacheka na kamera, nikaelewa. Umeona haya kwa ajili ya kaka yako. Hukutaka watu wa ofisini waione sura ya mtoto akimuuza baba yake huku anacheka. Huo ni utu, Mwalimu, lakini kaka yako alijitakia. Hutakosa haki ya baba kwa kumsitiri mwizi.

Kwa hiyo nimekusaidia. Picha nimeiweka wazi, na maelezo nimeyanyoosha ili yaendane na ukurasa wako wa kumi na mbili. Sasa yanasomeka: "Picha ya 8: Kiponda Randu akiwa na kigango cha baba yake siku alipokiuza, Agosti 1984." Nimebonyeza F9, na jina limeingia kwenye orodha. Nakala ya orodha imo humu ndani ya bahasha. Ukikubali, niambie nijalidi niipeleke.

Moraa


Ganze,
Jumatatu, 3 Machi 2025

Moraa,

Ifute picha ya nane. Picha yenyewe, maelezo yake, na mstari wake katika orodha. Peleka zilizobaki.

Usiniulize.

Kazungu Randu


Kilifi,
Alhamisi, 6 Machi 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Umeniandikia kama unamwandikia mtoto aliyevunja kioo cha dirisha. Haya, sasa nasema.

Kufuta ni rahisi mno. Naondoa picha, naondoa maelezo, nachagua yote, nabonyeza F9. Ya tisa inakuwa ya nane, ya kumi inakuwa ya tisa, wote wanasogea juu nafasi moja, na orodha inafungana kabisa. Hakuna atakayejua kwamba kati yao aliwahi kuwapo mwingine.

Lakini nimepiga simu kwa ile namba iliyo kwenye barua ya kamati. Nimeongea na karani, dada mmoja mpole. Amesema waraka usio na picha ya kigango hautafunguliwa hata kurasa zake, utawekwa kando siku hiyo hiyo. Na amesema familia nyingine mbili zimeandika kudai kigango chenye pembetatu kifuani, nazo hazina picha. Umesikia? Wewe peke yako ndiye unayo, nawe unataka niifute.

Mimi si mtu wa ukoo wenu na huenda naingilia. Ila nimechoka kuona watu waliofanya makosa wanalindwa na watu wazuri. Nimeliona hilo nyumbani kwangu mwenyewe, nimelilipia, na sitakueleza. Kaka yako yuko hai? Akiwa hai, na aone haya yeye! Akiwa amekufa, haimdhuru.

Nimetengeneza nakala mbili. Moja ina picha ya nane na jina lake, nyingine haina. Niambie ipi. Jumatatu Jedida akija bila jibu, sitapeleka yoyote, kwa maana sitaki kubeba uamuzi wako mgongoni mwangu. Wangu wananitosha.

Moraa


Ganze,
Jumatatu, 10 Machi 2025

Mwanangu Moraa,

Kiponda yuko hai. Ni mwashi, anachonga mawe na kujenga nyumba za watu huko Matsangoni. Kijana aliye katika picha si yeye. Ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Wewe hukuwa umezaliwa, na hata waliozaliwa wamesahau njaa ya mwaka ule. Baba alikuwa amekufa miaka sita nyuma. Kiponda alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja Malindi, na kwa miezi miwili hakuwa ameleta kitu kwa sababu hoteli haikumpa kitu. Mama yetu Kahaso alikuwa akichemsha mizizi ambayo sitaki kuitaja jina. Nilikuwa na wadogo wawili wa kike, na mmoja alikuwa ameacha kulia, analala tu.

Mtu wa pikapu alipita kwetu siku ya pili baada ya kunikuta kisimani na kuniahidi mahindi. Mama alikuwa amekwenda na watoto kwa shangazi kuomba. Nilichimba tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini. Mti ule ulikwenda chini kuliko nilivyodhani. Kilipotoka nilikikumbatia ili kisianguke. Ndipo akapiga picha, ya kamera ile inayotoa karatasi papo hapo. Alipiga mbili, moja akanipa. Nilikuwa sijawahi kujiona katika picha, Moraa. Ndiyo maana nacheka. Akashusha magunia mawili ya mahindi akaenda zake.

Nilimwambia mama nimepata kibarua Vitengeni. Wazee walipogundua shimo, wakaulizana, katika mudzi huu nani anajuana na wageni? Kiponda, anafua mashuka yao. Walimwita kutoka Malindi wakamuuliza, akakana, hawakumwamini. Kisha wakanigeukia mimi, niseme ninachojua. Nikatazama chini. Sikusema ni yeye, wala sikusema si yeye. Wakamtoa mudzini siku ile ile, akiwa na nguo alizovaa tu.

Nilikuwa nimejiambia nitasema baadaye. Baadaye haikuja, nami sikuiendea.

Nilipoona kamati wanataka nakshi, niliichukua ile picha nikaiweka, nikaandika maelezo kwa uangalifu bila jina la mtu. Halafu nikajiona ninavyocheka. Nikataka kuifuta, nikaogopa kuvuruga namba za chini, maana huko nyuma kila nilipofuta kitu niliharibu vingine. Basi nikaifunika kwa ua. Mwalimu mzima, nikadhani kilichofunikwa hakipo.

Na sitakudanganya katika jambo jingine. Barua yako ya tarehe 27 ilipofika, nikasoma jina la Kiponda chini ya uso wangu, nilifurahi. Siku mbili nzima nilifurahi. Ulikuwa umenitatulia kila kitu: kigango kinarudi, na aliyelaumiwa analaumiwa tena, safari hii kwa ushahidi. Nilichokuja kuogopa ni shangazi. Yuko hai, macho yake mazima, angeutambua uso. Kwa hiyo nikakuandikia ufute. Usidhani nilikuwa nimetubu.

Ni barua yako ya Alhamisi iliyonilaza kitandani. Uliniandikia jinsi zinavyosogea juu nafasi moja na orodha ikafungana. Moraa, hivyo ndivyo tulivyofanya. Alipoondolewa Kiponda, mimi nikawa mkubwa. Shamba la juu nikapewa mimi. Wakigawa nyama, mimi ndiye wa kwanza kuitwa. Watoto wangu wanajua baba yao ni mtoto wa kwanza wa Mzee Randu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kama palikuwa na mwingine.

Fanya hivi, nakuomba. Peleka nakala yenye picha. Maelezo yasomeke: "Picha ya 8: Kazungu Randu, mwandishi wa waraka huu, akiwa na kigango cha baba yake siku alipokiuza, Agosti 1984." Ukurasa wa kumi na mbili, palipoandikwa Kiponda aliuza, andika niliuza mimi. Usitumie njia ile ya kubadilisha jina kwa mpigo mmoja, maana Kiponda yumo pia katika ukurasa wa ukoo, na huko ndiko nataka abaki, mstari wa kwanza, juu yangu. Huenda kamati wakasema mwuzaji hana haki ya kudai. Na waseme.

Shangazi nimemwambia leo asubuhi. Ameniangalia, ameinuka, ameingia ndani akafunga mlango.

Humu ndani mna bahasha ndogo ya Kiponda. Sijaandika mengi, nimeshindwa. Ukishachapa orodha, mtilie ule ukurasa wa orodha ndani yake, halafu mtafutie mtu wa kumpelekea. Sina haki ya kukutuma, lakini sina mwingine wa kumtuma.

Kazungu


Kilifi,
Alhamisi, 13 Machi 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma Jumatatu, nikafunga duka mapema, nikakaa. Nakupa habari za kazi.

Nimebadilisha kwa mkono, mahali pamoja baada ya pengine. Ukurasa wa kumi na mbili unasema ulivyotaka. Ukurasa wa ukoo sikuugusa. Nimejalidi nakala tatu, nimezipeleka leo asubuhi mwenyewe, na yule dada karani wa kamati ameipiga muhuri ya kwako mbele yangu. Alifungua orodha kwanza, akapitisha kidole mpaka ya nane. Akasoma. Akaniuliza, "Huyu mwandishi ndiye aliyekutuma?" Nikasema ndiye. Akasema waraka umepokelewa, na kwamba kuuza hakumfanyi mtu asiwe mtoto wa marehemu, ila katika jambo kama hili hawatakubali sahihi yako peke yake. Wanataka ya mtoto mkubwa. Wametoa muda mpaka tarehe 28.

Kwa hiyo bahasha ya Matsangoni nitaipeleka mimi, Jumapili baada ya kanisa. Sitafuti wa kumtuma. Nilimwita mwizi mtu ambaye sijawahi kumwona hata kwa mbali, nikamwandika kwa herufi nzito, na nikajisifu. Miaka kumi na mmoja ya kupiga chapa, sijawahi kujionea haya kama wiki hii.

Na wewe nimekukasirikia, Mwalimu, nisikufiche. Nimekukasirikia sana. Lakini kazi yako nimeifanya vizuri.

Moraa


Matsangoni,
Jumapili, 16 Machi 2025

Kazungu,

Mwanamke wa Kilifi ameniletea karatasi yako. Ameketi juu ya mawe yangu anangoja, amekataa chai, amekataa kuondoka bila jibu. Kwa hiyo naandika. Mkono wangu umezoea patasi, utasoma hivyo hivyo.

Katika kijibarua chako umeandika mistari mitatu, na wa tatu umeukata. Sijaona cha kujibu hapo. Lakini orodha nimeisoma yote, kuanzia ya kwanza. Nilipofika ya nane nikamwambia yule mwanamke anisomee yeye, nihakikishe macho hayanidanganyi. Akasoma jina lako.

Mimi nilijua, Kazungu. Nilijua kabla wazee hawajaniita. Jumamosi ile nilikuja nyumbani mikono mitupu, nikakuta unga, na mama ananiambia Kazungu amepata kibarua Vitengeni. Nani alikuwa na kazi ya kumpa mtu Vitengeni mwaka ule? Nikatoka nje nikaona shimo umelifunika kwa miba. Nikarudi ndani, nikala. Nilikula sahani mbili. Yule mdogo wetu wa kike naye alikuwa amekaa, anakula. Ndiyo sababu nilikana kwa ajili yangu tu, sikukutaja.

Ulikuwa na mtihani Novemba. Nikajiambia, atasema akimaliza mtihani. Ukamaliza. Nikajiambia atasema akipata ualimu, atakuwa mtu mzima sasa, hawatamfanya kitu. Ukapata ualimu. Wanangu walipooa niliwaambia ami yao atakuja, nikamwekea kiti. Baadaye niliacha kujiambia chochote, nikachonga mawe. Si kwamba nilisamehe. Nilichoka, na kuchoka si kusamehe, usije ukavichanganya.

Mwanamke huyu amenieleza habari ya sahihi na ya ukurasa wa kumi na mbili. Sahihi nitatia. Kigango ni cha baba, si chako wala changu, na siwezi kumwacha ghalani ili nikuadhibu wewe. Nitakuja Jumamosi, tarehe 22, na kalamu yangu. Waambie wote wawepo, na shangazi awepo. Ule ukurasa wa kumi na mbili utausoma wewe kwa sauti, umesimama.

Lakini kabla ya hayo kuna jambo. Mama alipokufa nilipata habari kwa mpita njia. Nilikuja na sanda nimeikunja kwapani. Mlinisimamisha barabarani, watu watano, mkaniambia mwizi wa baba hamziki mama. Wewe ulikuwa wa tatu kutoka kushoto, na shati jeupe. Hukusema kitu. Nilisikia nyimbo kutoka pale barabarani mpaka zikaisha, kisha nikarudi Matsangoni.

Kwa hiyo Jumamosi usinipeleke kwanza kwenye kikao. Nipeleke kwa mama. Itabidi utangulie wewe, maana mimi sijui mlimlaza wapi.

Kiponda Randu